Kabla ya Kuondoa Paswedi, Mjue Anayeiuliza

Wateja wengi wanaoniletea kompyuta kuukuu hapa Ngamiani, Tanga, huja na ombi moja: "Fundi, nitolee paswedi." Hulisema kana kwamba paswedi ni kitu kimoja kilichobandikwa kwenye mashine, kinachobanduliwa mara moja na mambo yakaisha. Kazi hii imenifundisha kwamba kompyuta moja ya zamani inaweza kuwa na waulizaji watano au sita, kila mmoja na sababu yake, na hakuna anayejua kwamba mwenzake ameshauliza. Ukimnyamazisha mmoja bila kumjua, unaweza ukamwamsha mwingine.

Mashine iliyonionyesha hilo waziwazi kuliko zote ni ya mwalimu mmoja mstaafu wa Chumbageni. Alinifundisha hesabu shule ya msingi, na sasa ni mweka hazina wa chama cha kuzikana cha mtaani kwake. Kompyuta yake ni ya mezani, ilifanya kazi ofisini Dar es Salaam kabla ya kuuzwa, ikafika Tanga na Windows 10 ndani yake na kibandiko cha namba ya mali ya ofisi bado kipo ubavuni. Humo ndimo yalimo majina ya wanachama, michango ya kila mwezi, na hesabu ya kila msiba: sanda, ubani, gari, maturubai, sukari. Alinipigia simu akasema, "Mwanangu, mashine hii imekuwa na maswali kuliko mkaguzi wa hesabu. Kila nikigeuka, paswedi. Njoo uitazame kabla sijarudi kwenye leja."

Nilipofika, baada ya shikamoo na marahaba na habari za wazee, alinifungulia daftari lenye jalada la kaki. Kurasa mbili zilikuwa zimejaa maneno ya siri kwa mwandiko wake ule ule wa ubaoni. Mengine yamekatwa kwa wino mwekundu, mengine yana mshale na tarehe, moja limezungushiwa duara na pembeni ameandika "la asubuhi". Daftari lile lilinisaidia kuliko programu yoyote niliyokuja nayo kwenye flashi, kwa sababu kila neno lilikuwa na mahali lilipoulizwa. Nikamwomba akae kitini kwake, awashe mashine kama anavyoiwasha kila siku, nami niandike: kimetokea nini, kimeandikwa nini hasa, na kimetokea baada ya kufanya nini. Utaratibu huo sijauacha mpaka leo. Mteja akiniambia tu "inadai paswedi", bado hajaniambia chochote ninachoweza kukifanyia kazi.

Hivi ndivyo asubuhi yake ilivyokuwa. Kwanza mashine ilimtaka abonyeze vitufe vitatu kwa pamoja, Ctrl, Alt na Delete. Akibonyeza, inaingia bila kuuliza neno la siri. Kisha ukurasa wa buluu unajaa kioo kizima, unamtaka aingie kwenye akaunti ili "kumalizia maandalizi". Akifungua kivinjari anapewa onyo kwamba muunganisho si salama. Akirekebisha tarehe onyo linaondoka, lakini barua pepe inamtaka aingie upya, jina na neno la siri, kila siku ya Mungu. Akienda kunywa chai akirudi, vitufe vitatu tena. Na mwisho lile lililomuumiza zaidi: binti yake aliyekuwa chumba cha pili akituma kitu kupitia waifai kwenye printa ya baba, iliyochomekwa kwenye kompyuta hiyo, laptopu inadai jina na neno la siri, na kila analoandika linakataliwa.

Vitufe vitatu vilikuwa rahisi, lakini historia yake inafaa kuijua. David Bradley wa IBM ndiye aliyeviweka pamoja wakati wa kutengeneza kompyuta ya IBM PC ya 1981, kwa ajili ya kuwasha mashine upya. Windows NT ilipotoka 1993 ikavipa kazi nyingine, ya kufungulia mlango wa kuingilia, kwa kuwa programu ya kawaida haiwezi kuudaka mbonyezo huo. Ukibonyeza, kioo kinachofuata umeletewa na Windows yenyewe, hakikuigizwa na programu ya mwizi wa maneno ya siri. Kwenye ofisi yenye watu wengi hiyo ni kinga ya maana. Sebuleni kwa Mwalimu ilikuwa ni masalia ya ofisi ya zamani. Unabonyeza kitufe cha Windows na R, unaandika netplwiz, unakwenda kwenye kichupo cha Advanced, unaondoa tiki chini kabisa. Basi.

La printa ndilo lililonikalisha. Niliuliza lilianza lini, binti akasema lilianza baada ya kijana wa jirani "kutoa paswedi" ya kompyuta ya baba. Hapo nikaelewa. Kijana alikuwa ameifuta kabisa, akaiacha akaunti tupu. Kuingia pale mezani kukawa rahisi kweli. Lakini tangu Windows XP ya 2001 kuna sheria iliyowekwa na watengenezaji wenyewe: akaunti isiyo na neno la siri inaruhusiwa kutumika na mtu aliyekaa mbele ya mashine tu. Akija mtu kupitia mtandao kwa akaunti hiyo, hata kama yuko chumba cha pili, anakataliwa. Kwa hiyo laptopu ya binti ilikuwa inauliza jina na neno la siri, akiweka jina la baba na kuacha neno la siri wazi anakataliwa, akiweka neno la zamani anakataliwa. Alikuwa ameshanunua waya mpya wa printa na ameanza kumtafuta mtu wa kuinunua printa yenyewe.

Nikamwambia Mwalimu kwamba naiwekea kompyuta neno la siri. Akanitazama. "Nimekuita uondoe, wewe unaongeza?"

"Ndiyo, Mwalimu. Hili utaliandika leo tu, halafu mashine italishika yenyewe."

Nikaliweka, refu kidogo, akaliandika kwenye daftari. Kisha nikarudi kwenye ile netplwiz, safari hii kichupo cha kwanza, nikaondoa tiki inayosema watumiaji lazima waandike jina na neno la siri. Mashine ikaomba neno lenyewe mara mbili, ikalihifadhi. Tangu hapo ikiwashwa inaingia yenyewe, lakini akaunti si tupu tena, na anayekuja kwa njia ya mtandao anapokewa. Kama na wewe unajaribu na kisanduku hicho hukioni, nenda kwenye mipangilio ya akaunti, sehemu ya njia za kuingia, uzime kipengele kinacholazimisha Windows Hello, yaani kuingia kwa PIN, uso au alama ya kidole. Kuanzia matoleo ya Windows 10 ya mwaka 2020 kipengele hicho kikiwashwa kisanduku hufichwa, na nimeona mafundi wakifuta Windows nzima na kuiweka upya kwa sababu ya tiki wasiyoiona.

Kwenye laptopu ya binti ilibaki kazi moja. Majaribio yake yote ya nyuma, baadhi yake yalikuwa yamehifadhiwa, na laptopu ilikuwa inayapeleka yenyewe kila mara kabla hata hajaandika kitu. Kwenye Control Panel kuna mahali panaitwa Credential Manager. Ukifungua upande wa Windows unakuta orodha ya kompyuta na majina yaliyowahi kutumika. Nikafuta yaliyohusu kompyuta ya baba, nikaongeza moja sahihi. Printa ikavuta karatasi. Binti akapiga kofi moja, Mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Nilimweleza Mwalimu bila kumficha maana ya kuingia moja kwa moja. Neno la siri limehifadhiwa ndani ya mashine, na mtu mwenye mamlaka ya usimamizi anaweza kulichimbua. Halafu yeyote atakayewasha kompyuta ile atakuwa yeye, mbele ya barua zake na mafaili yake. Ndani ya nyumba ile wanaishi yeye, mkewe na binti yao, na mashine haitoki. Kwangu hiyo ni hali inayokubalika. Ingekuwa laptopu inayopanda bodaboda kila asubuhi ningekataa.

Katika kulifikiria hilo huwa nakumbuka neno la siri la kompyuta lilianzia wapi. Miaka ya mwanzo ya 1960, katika chuo cha MIT huko Marekani, Fernando Corbató na wenzake walitengeneza mfumo ulioitwa CTSS, ambapo watu wengi walitumia kompyuta moja kwa zamu, kila mmoja na mafaili yake na saa zake. Neno la siri liliingia kwa sababu ya kugawana huko. Na mwaka 1962 mwanafunzi mmoja wa pale, Allan Scherr, akaona saa alizogawiwa hazimtoshi, akapata njia ya kuchapisha faili lenye maneno ya siri ya watu wote. Kwa hiyo swali la kumuuliza mteja liko wazi: hii mashine unaitumia na nani? Jibu lake ndilo linaloniambia kipi kitoke na kipi kibaki.

Sasa tarehe. Mwalimu alidhani mtandao ndio unaoiharibu. Nikamuuliza anazimaje kompyuta. Akasema anaizima vizuri, kisha swichi ya ukutani, uniti zisiliwe bure usiku. Ni tabia ya nyumba nyingi Tanga na sina neno nayo. Lakini kompyuta ya mezani ikiwa imechomekwa na swichi iko wazi, hupata umeme kidogo hata ikiwa imezimwa, na umeme huo ndio unaoiendeshea saa. Ukizima ukutani, saa inabaki na betri ndogo tu iliyo kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani. Betri ikifa, saa inasahau kila kitu. Kwa hiyo kila asubuhi mashine yake ilikuwa inaamka Januari mosi ya mwaka wa nyuma sana, kabla hata yeye hajastaafu.

Nilifungua ubavu. Vumbi lilikuwa la miaka, na kwa hewa yetu ya bahari lilikuwa limeshikana, halipuliziki, linasuguliwa kwa brashi. Betri ilikuwa pale chini, duara ya fedha imefunikwa nusu na waya wa diski. Inaitwa CR2032, na namba hiyo inajieleza: upana milimita 20, unene milimita 3.2. Mpya ina volti 3. Ya Mwalimu mita yangu ilisoma chini ya volti moja na nusu. Unasukuma kikonyo cha chuma pembeni kwa ncha ya bisibisi, betri inaruka juu, unaweka mpya maandishi yakiangalia juu. Nilikagua pia vile vikonyo vya chuma, kwa kuwa huku pwani vikianza ukungu wa kijani hata betri mpya haigusi vizuri. Vilikuwa salama. Betri yenyewe inapatikana kwa mafundi saa, na bei yake haizidi soda chache.

Nilimweleza kwa nini tarehe inaleta madai ya kuingia, maana kwa mtu mwenye akili ya hesabu jambo lisilo na sababu linamsumbua kuliko tatizo lenyewe. Kila tovuti salama inabeba cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Zamani vyeti vilidumu miaka. Septemba 2020 kikomo kilishushwa hadi siku 398, na kinaendelea kushushwa. Kompyuta inayodhani iko miaka mingi nyuma ikionyeshwa cheti cha mwaka huu, inaona cheti ambacho bado hakijazaliwa, inakikataa. Na mtu asitegemee Windows ijirekebishe: kwenye kompyuta ya nyumbani, tofauti ikizidi saa 15, kwa mpangilio wake wa kawaida haikubali kujisahihisha yenyewe kutoka kwenye mtandao. Inangoja mwenye mashine. Ndiyo maana alikuwa anarekebisha kwa mkono kila asubuhi, na siku akikosea akauweka mwaka mbele, tovuti zote zilizokuwa zinamkumbuka zinamsahau, kwa sababu vidakuzi vinavyomtambulisha vinahesabiwa vimeisha muda.

Hata hivyo tarehe peke yake haikueleza kwa nini barua pepe inamtoa kila siku, hata siku alizoweka tarehe sawasawa. Nikatafuta zaidi, nikakuta programu ya "kusafisha kompyuta" ambayo mtu alimwekea zamani. Imepangwa kufanya kazi kila mashine inapowashwa, na moja ya vitu inavyovifuta ni vidakuzi vya kivinjari. Kidakuzi ni kipande kidogo cha maandishi ambacho tovuti inakiacha kwako ukishaingia, ili kesho ikujue. Kikifutwa, kesho wewe ni mgeni. Niliiondoa programu hiyo yote. Diski yake haikuwa imejaa, na sioni faida ya kufagia kila siku chumba kisicho na taka huku ukitupa funguo nje pamoja na vumbi.

Yale mengine hayakunichukua muda. Dai la kuingia baada ya mashine kusinzia linatawaliwa mahali pengine kabisa, si netplwiz. Liko kwenye njia za kuingia, pale panapouliza lini itake utambulisho ukirudi, unachagua isitake kamwe. Angalia pia mpangilio wa picha ya kupumzisha kioo, una tiki yake ya kurudisha kwenye mlango. Ukurasa wa buluu wa kumalizia maandalizi unazimwa kwenye mipangilio ya arifa, unaondoa tiki za mapendekezo na makaribisho. OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, hakuwa anaitumia, nikaizuia isijiwashe. Na kile kidirisha cha Google kinachoibuka juu ya magazeti ya mtandaoni kikimtaka aingie, kinazimwa ndani ya Chrome, kwenye mipangilio ya tovuti, sehemu ya kuingia kupitia huduma nyingine.

Habari ikaenea, kama kawaida ya Tanga. Haikupita muda mrefu akaja mama mmoja mwenye steshenari maeneo ya Usagara, naye anataka hivyo hivyo: kompyuta iwake na kuingia, isiulize mtu kitu, vijana wake wanapoteza muda wateja wamejaa. Huyo nilimkatalia, na nilikaa naye nikamweleza kwa nini. Kwenye kompyuta ile kulikuwa na folda zenye nakala za vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne, mikataba ya viwanja. Watu walikuja kuskani, wakaondoka, nakala zikabaki. Mashine inaguswa na vijana wawili wa zamu, na mara nyingine mteja mwenyewe anakaa kitini ajaze fomu. Nikamwambia, "Mama, hizi ni taarifa za watu." Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei mosi 2023, na mtu anayekusanya taarifa za wenzake ana wajibu wa kuzilinda. Lakini hata kabla ya sheria, mtu aliyekuja na cheti cha mwanawe ndani ya bahasha ya plastiki alikuwa ametuamini.

Alichokihitaji kweli ni wepesi, na wepesi unapatikana bila kuacha mlango wazi. Nilitengeneza akaunti tatu, yake na za vijana, kila moja na PIN fupi inayoandikwa kwa sekunde. Tulifuta nakala za zamani tukiwa pamoja, akiamua mwenyewe kipi kina sababu ya kubaki. Na kwa wateja wanaokuja kuingia kwenye akaunti zao za maombi ya kazi au za mikopo ya elimu ya juu, niliwafundisha vijana kufungua dirisha la mgeni kwenye Chrome. Ukilifunga, historia na vidakuzi vya mteja vinafutika. Kabla ya hapo kivinjari kilikuwa kimehifadhi maneno ya siri ya watu kadhaa, na nilipofungua orodha ile mama alishika mdomo. Kuna binti alikuwa ameomba mkopo pale, akaunti yake ingefunguliwa na yeyote aliyekaa kitini. Orodha ile niliifuta yote mbele yake, na nikazima kabisa ombi la kuhifadhi maneno ya siri kwenye mashine ile.

Wakala mmoja wa mizigo bandarini alikuwa na tatizo linalofanana kwa sura tu. Outlook yake ya 2010, programu ya kusomea barua pepe, ilikuwa inaleta kidirisha cha neno la siri la Gmail bila kukoma, na neno lilikuwa sahihi. Tatizo halikuwa kwenye kompyuta. Mei 30, 2022 Google waliacha kupokea jina na neno la siri la kawaida kutoka kwenye programu za mtindo wa zamani. Unawasha uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti, unatengeneza neno la siri la programu, lenye herufi 16, unalibandika Outlook mara moja. Alikuwa amebadilisha neno lake la siri mara nyingi bure, na kila mara simu yake nayo inamtoa.

Halafu kuna madrasa moja iliyopewa kompyuta kongwe, RAM GB 2, ambazo Windows mpya ilikuwa inazichosha. Tuliziwekea Linux Mint ya Xfce, mfumo mwepesi badala ya Windows, na tukazipanga ziingie zenyewe, watoto wajifunze kuandika. Zikaanza kudai neno la siri kila kivinjari kinapofunguliwa. Ustadhi akaniambia, "Si ulisema hizi hazina paswedi?" Kinachouliza pale ni pete ya funguo, hazina ndogo ambamo mfumo unatunza siri, na imefungwa kwa neno lile lile la kuingilia. Mtu akiandika neno lake mlangoni, hazina inafunguka kimyakimya. Mashine ikiingia yenyewe hakuna aliyeandika neno, basi hazina inabaki imefungwa na inaomba. Kuna programu ndani yake ya Maneno ya Siri na Funguo, unabadilisha neno la pete ile ya kuingilia na kuliacha tupu. Gharama yake ni kwamba kitakachohifadhiwa humo hakitasimbwa tena, yaani kitakaa wazi. Kwa watoto wanaojifunza kuchapa, wasio na akaunti yoyote ya kuhifadhi, ilikuwa sawa, na nilimwandikia Ustadhi kwenye karatasi kwamba barua pepe ya madrasa isifunguliwe kwenye mashine hizo.

Paswedi ya BIOS, ile inayouliza hata kabla Windows haijaonekana, kwenye kompyuta nyingi za mezani inaondoka kwa kuhamisha jampa, kile kifuniko kidogo cha pini, kwenye mazabodi au kutoa betri kwa muda. Laptopu nyingi huitunza kwenye chipu isiyotegemea betri, na hapo ndipo mimi huwa mkali. Kijana akiniletea laptopu yenye kufuli la namna hiyo, jina la mtu mwingine kwenye kioo, na maelezo yake hayakai sawa, namwomba aje na mwenyewe au risiti. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila ruhusa, na ufundi wangu hauniondoi humo. Baadhi hurudi na risiti. Baadhi hawarudi.

Nirudi kwa Mwalimu, kwa kuwa yeye alikuwa na swali ambalo wateja wengi hawaliulizi. Tulipomaliza, mashine ikawaka na kuingia bila swali hata moja, akakaa kimya, akasema: "Sasa mtu yeyote anaweza kufungua hesabu za chama?" Nikamjibu ndiyo. Akasema basi pale aulizwe.

Faili lenyewe lilikuwa la Excel, la ule mtindo wa zamani unaoishia na .xls, ambao kufuli lake ni dhaifu. Nikalihifadhi upya kwa mtindo wa .xlsx uliokuja na Office ya 2007, nikaenda kwenye taarifa za faili, kulinda, kusimba kwa neno la siri. Nikamwonya kwamba hili halina mlango wa nyuma: likisahaulika, mimi sitalifungua wala fundi mwingine wa mji huu, na hesabu za chama zitapotea. Kwa hiyo neno hilo hakuliandika kwenye daftari la kaki. Aliliandika kwenye karatasi, akaitia kwenye bahasha, akaibandika na kutia saini juu ya gundi, akampelekea katibu. Kamati ikakubaliana kwamba viongozi wakibadilika neno linabadilishwa siku hiyo hiyo ya makabidhiano, mbele ya wajumbe, na bahasha ya zamani inachanwa.